Dirisha la Nyumba ya Mtu

Mpangaji wa Dar es Salaam hulijua dirisha lake mwezi Februari. Miezi mingine ni mahali pa kutundikia pazia tu. Lakini kaskazi ikianza kulegea, jua likikaribia utosini na shuka zikilowa jasho saa nane za usiku, ndipo mtu anapoamka, akasogeza pazia, akavuta kimkono cha nako na kukuta vioo vitatu vya katikati havifunguki, viwili vya chini havifungiki, na cha juu kabisa kilishaondoka zamani, mahali pake pamezibwa kwa boksi la televisheni. Kukikucha anampigia simu mwenye nyumba. "Tutaliangalia," anajibiwa, na Februari inayofuata wanaongea tena.

Akichoka kungoja, hubaki na njia mbili. Ama ahame, na kuhama ni kodi ya miezi sita mkononi, mwezi mmoja wa dalali, gari la mizigo, kisha nyumba mpya yenye maradhi yake. Ama atoe fedha zake, amwite fundi wa aluminiamu, na jioni ya siku hiyo hiyo ukuta wa mtu mwingine uwe umepata madirisha mapya. Njia hii ya pili wengi wameipita, na wengi wameijutia kwa sababu ya fedha. Mimi nina shaka nayo hata kabla ya kufika kwenye fedha. Shaka yangu ni ya hewa.

Tuitazame kwanza nako yenyewe, maana watu huing'oa bila kuiangalia. Ni vipande vya kioo vyenye upana wa inchi 6 hivi, vimepangwa kimoja juu ya kingine kama magamba ya samaki. Kila ncha ya kioo imekaa kwenye kibanio, na vibanio vya upande mmoja vimeshikana na upapi mmoja mwembamba wa chuma. Ukivuta mkono, upapi unapanda au kushuka, na vioo vyote vinageuka kwa pamoja. Basi. Hakuna rola, hakuna reli, hakuna mpira. Vioo vikilala kabisa, karibu uwazi wote wa dirisha unakuwa mlango wa upepo, na hata mvua nyepesi ikinyesha unaweza kuviinamisha kidogo, maji yakatiririka nje huku hewa ikiendelea kuingia.

Kinachoua nako mjini kwetu ni chumvi. Upepo wa bahari hula ule upapi na pini zake ndogo, pini moja inakatika, na tangu hapo kioo kimoja hakiwasikilizi wenzake. Mtu anakilazimisha kwa mkono, kibanio kinapinda, kioo kinaanguka. Baada ya miaka kumi ya kulazimishana, dirisha zima linaonekana limekufa, wakati ukweli ni kwamba kilichokufa ni upapi wa upande mmoja na vibanio vichache. Vifaa hivyo bado vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Kariakoo na Buguruni, na fundi mtulivu anaweza kuvifunga asubuhi moja. Shida ni kumpata fundi mtulivu.

Siisifii nako kupita kiasi. Mwizi anaijua: anapinda ncha za vibanio, anachomoa vioo kimoja kimoja na kuvipanga chini kwa adabu, bila kelele. Ndiyo maana madirisha yetu yote yana nondo. Mvua ya masika ikipigwa na upepo inapenya katikati ya vioo na kulowesha godoro. Vumbi linaingia hata ikiwa imefungwa. Na ukiweka kiyoyozi kwenye chumba cha nako, unapooza barabara. Sababu hii ya mwisho ndiyo iliyowafanya watu waiache nako mjini kuliko zote.

Lakini aliyeiweka pale hakuwa mjinga. Maghorofa mengi ya Upanga, Kisutu na Kariakoo yalijengwa kati ya miaka ya 1950 na 1970, zama ambazo wasanifu wa nchi za joto walikuwa na hoja moja kubwa: acha upepo upite. Mwaka 1956 Waingereza wawili, Maxwell Fry na Jane Drew, walitoa kitabu kizima juu ya kujenga kwenye ukanda wa joto na unyevunyevu, na sehemu kubwa yake inahusu kivuli na upepo. Ukiingia kwenye ghorofa la zama hizo utayaona mawazo hayo yamesimama kwa saruji: vyumba vina madirisha pande mbili, kibaraza kinakinga jua lisipige kioo, ngazi zimejengwa kwa matofali ya matundu, na juu ya milango ya ndani kuna uwazi. Nyumba nzima imechorwa kama njia ya kusi na kaskazi. Dirisha ni kipande kimoja tu cha njia hiyo. Ukikibadilisha bila kuangalia vingine, umeziba njia katikati.

Fundi aliyekuja kupima kwangu alikuwa kijana mchangamfu, futi imening'inia kiunoni. Aliitazama nako akacheka.

"Bosi, hizi ni za enzi za Mwalimu. Tunang'oa zote, tunaweka slaidi, nyumba inakuwa kama hoteli."

"Upepo je?"

"Upepo unaingia vizuri tu. Unasukuma hivi." Akapitisha kiganja hewani kutoka kulia kwenda kushoto.

"Na ile nusu nyingine?"

"Nusu nyingine ni kioo, bosi."

Hakunidanganya. Dirisha la futi 5 kwa 4 lina futi za mraba 20. Nako ikifunguka vizuri inakuachia karibu zote. Slaidi ya milango miwili, hata uisukume namna gani, inakuachia 10, ukitoa fremu zinakuwa pungufu ya hapo. Weka na wavu wa mbu, ambao nao unakula sehemu ya upepo, na huwezi kuuondoa maana malaria haijahama mji huu. Chumba ambacho jana kilikuwa kinajipoza chenyewe leo kinahitaji feni, na mwakani kitahitaji kiyoyozi. Aluminiamu ni ya mwenye nyumba, ila umeme wa LUKU ni wako. Anapata nyumba yenye sura mpya ya kupandishia kodi, wewe unanunua yuniti. Sijaona mpangaji hata mmoja aliyeiweka hesabu hiyo mezani kabla ya kusema ndiyo.

Halafu kuna vioo vya tinti. Watu hufikiri kioo cheusi ni kivuli. Kwenye dirisha linalotazama magharibi, jua la saa kumi linapiga kioo moja kwa moja kwa sababu liko chini na kibaraza hakilikingi. Kioo cha tinti kinapunguza mwanga, ni kweli, lakini kinalinyonya joto lile na chenyewe kinakuwa cha moto. Kiguse saa kumi na moja jioni uone. Turubai au jamvi lililoning'inizwa nje ya dirisha hilo litafanya kazi kubwa kuliko tinti yoyote, maana linalizuia jua kabla halijafika kwenye kioo.

Mtu atauliza kwa nini basi tusiweke madirisha ya kufunguka kama mlango, ambayo yanaacha uwazi wote. Jibu ni nondo. Zikiwa nje, dirisha haliwezi kufunguka kwenda nje. Likifunguka kwenda ndani, linagombana na pazia, na wavu unakosa pa kukaa. Slaidi imeshinda mjini kwa sababu inakubali kuishi na nondo na wavu bila ugomvi, wala si kwa ubora wake. Kwa hiyo ukiniuliza, mpangilio wa heshima kwa nyumba ya pwani ni huu: vyumba vya kulala vibaki na nako, ila mpya, ya fremu ya aluminiamu na vibanio imara, sebuleni, panapopigwa na mvua au palipo na kiyoyozi, pawekwe slaidi, na juu yake pabaki ukanda wa futi moja wa nako au wavu mtupu usiofungwa kamwe. Hewa ya moto hupanda juu. Ukiiachia tundu pale juu, itaondoka usiku kucha bila kukuomba umeme.

Tuje sasa kwenye fedha, na kwenye swali la nani alipe. Tabia ya wapangaji wa maghorofa ya zamani kujirekebishia wenyewe ina historia yake. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa 1962. Mwaka 1971 sheria ya kutwaa majengo iliyachukua majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe hawakuwa wakiyakalia yote, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ofisi iliyokuja kuunganishwa na shirika hilo mwaka 1990. Kodi zilidhibitiwa kwa sheria hadi 2005, sheria ya udhibiti ya 1984 ilipofutwa. Kodi ikiwa ndogo na mwenye nyumba akiwa Serikali, hakuna aliyekuja kubadilisha kioo. Familia zilikaa kwenye ghorofa moja miaka thelathini, zikaweka vioo, vigae, hata kuta, na kujiona wenye nyumba. Tembea Upanga leo uangalie juu: ghorofa moja, uso mmoja, na madirisha ya aina nne. Kila moja lina mkoba wa mtu fulani ndani yake.

Wewe unayepanga kwa mtu binafsi, kwa kodi ya soko, huna miaka thelathini. Una miezi sita, labda kumi na miwili. Usiige desturi ya watu waliokuwa na uhakika wa kukaa.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inaweka masharti yanayohesabiwa kuwemo ndani ya mkataba wa pango hata kama hamkuyaandika. Palipopangishwa sehemu tu ya jengo, mwenye nyumba ndiye mwenye jukumu la kutunza paa, kuta za nje, mifereji mikuu na njia za pamoja. Mpangaji naye anatakiwa kuitunza sehemu yake katika hali nzuri. Ugomvi unazaliwa hapo hapo: fremu imo kwenye ukuta wa nje, lakini kioo hukivunja aliye ndani. Kwa hekima ya kawaida, kilichooza kwa umri na chumvi ni cha mwenye nyumba, na kilichovunjwa na mpira wa mwanao ni chako. Kama hamkuelewana kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lakini sijui mpangaji mwenye akili timamu atakayempeleka mwenye nyumba barazani kwa ajili ya vibanio vya nako. Atashinda kesi, na mkataba ukiisha atahamishwa.

Jambo la kulishika kwa mikono miwili ni hili: katika sheria tuliyoirithi kwa Waingereza, kitu kikishafungwa kwenye jengo kinakuwa sehemu ya jengo. Dirisha ulilolinunua kwa risiti yenye jina lako, likishapigwa skrubu na kuzungushiwa lipu, si lako tena. Huwezi kuhama nalo, na hakuna anayelazimika kukulipa, isipokuwa mmeandikiana.

Basi andikianeni, na kabla fundi hajagusa ukuta. Waswahili tunaona haya kudaiana maandishi na mtu tunayemwamkia shikamoo. Haya hiyo imewagharimu wapangaji wengi. Hakuna haja ya ukali, ujumbe wa simu wenye adabu unafungua mlango: "Shikamoo mama. Madirisha ya chumbani yameharibika, nimekutumia picha. Fundi ametoa bei hii. Naomba ridhaa yako nitengeneze, kisha tukatane kwenye kodi." Akikubali, iwekeni kwenye karatasi, saini mbili, na kama mna mazoea ya kupitisha mikataba kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ipigwe muhuri.

Karatasi ibebe nini? Chukua mfano. Kodi ni shilingi 300,000 kwa mwezi, unalipa kwa miezi sita, yaani 1,800,000. Madirisha yatagharimu 1,200,000. Mwenye nyumba anakubali gharama yote, lakini hataki kuikata kwa mkupuo mmoja. Mnaandika kwamba awamu mbili zijazo utalipa 1,200,000 kila moja badala ya 1,800,000. Mpaka hapo wengi wanaridhika na kuweka saini. Zimebaki sentensi mbili ambazo zina thamani kuliko zote zilizotangulia. Ya kwanza: mwenye nyumba akiihitaji nyumba yake kabla makato hayajaisha, atarudisha kiasi kilichobaki siku ya makabidhiano. Ya pili: kodi haitapanda hadi makato yaishe. Bila sentensi hii ya pili, anaweza kukukatia 100,000 kwa mwezi kwa mkono mmoja na kuongeza 100,000 kwa mwingine, kwa sababu nyumba sasa "ina aluminiamu." Nimeliona likitendeka kwa jirani, na aliyetenda wala hakuona kwamba ametenda vibaya.

Kama mwenye nyumba anakubali kulipa nusu tu, fanya hesabu yako kwa muda unaotarajia kukaa. Kama hakubali chochote, tengeneza nako. Usimjengee mtu nyumba kwa hasira.

Wanaopanga kwa Shirika, au kwenye jengo ambalo kila mlango una hati yake, wana mlima mwingine kidogo, maana ukuta wa nje si wa mlango mmoja. Hapo barua ya maombi ni lazima, na mara nyingine watakupangia hata rangi ya fremu. Zanzibar ni zaidi. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na madirisha yake ya mbao ni sehemu ya kinacholindwa. Aliyepanga Shangani au Kiponda hawezi kuamka na kufunga slaidi. Atalalamika kwamba seremala wa kazi ile ni ghali. Ni kweli. Lakini zile mbao za vipande vilivyoinama zinafanya kazi ile ile ya nako, kivuli na upepo kwa pamoja, na zimeifanya miaka mingi kabla ya umeme.

Tuseme mmeelewana na fundi anakuja. Chagua Julai au Agosti, mvua zikiwa mbali, maana kuna saa kadhaa ambazo ukuta utakuwa na tundu tupu. Mtahadharishe jirani wa chini. Kioo cha ghorofa ya tatu hakibagui kichwa. Kubalianeni mapema nani atarudishia lipu na rangi, kwa sababu fundi wa aluminiamu atakwambia, akiwa tayari ameshavunja, kwamba lipu si kazi yake.

Mwambie akuonyeshe aluminiamu kabla hajaikata. Ibonyeze kwa kidole gumba: nyembamba inaitika. Uliza skrubu. Skrubu za chuma cha kawaida ndani ya aluminiamu, kwenye hewa ya chumvi, zitaota kutu na kuila aluminiamu inayozizunguka. Unataka za stenlesi, hata kama uzinunue mwenyewe. Kioo cha slaidi kisipungue milimita 5. Na kama nondo zinabadilishwa pia, dai kwamba angalau chumba kimoja kiwe na kidirisha cha nondo chenye bawaba na kufuli, ufunguo ukae mahali watoto wakubwa wanapopajua. Moto ukianza jikoni, nyumba ya nondo zisizofunguka haina mlango wa pili.

Kisha angalia reli ya chini, upande wa nje. Panapaswa kuwa na vitundu vidogo, viwili au vitatu, vya kutolea maji. Slaidi zote huingiza maji kwenye reli wakati wa mvua, hiyo si kasoro. Kasoro ni maji kukosa pa kutokea. Mafundi wengi hawatoboi vitundu hivyo. Wengine wanavitoboa vizuri, halafu katika kumalizia, kwa moyo mweupe kabisa, wanapitisha silikoni chini yote na kuviziba. Masika ya kwanza reli inajaa, maji yanafurika kuja ndani, ukuta chini ya dirisha unaota ukungu, na kila mtu anasema dirisha ni baya. Kabla ya kumalizia malipo, mwaga lita mbili za maji kwenye reli ile na usimame uangalie. Yakitoka nje, mlipe mwenzako haki yake. Yakibaki, mpe drili.

Limebaki suala la vya zamani, ambalo mtu hulikumbuka mwisho kabisa, fundi akiwa ameshaanza kuvifunga kamba. Fremu za nako na nondo zilizong'olewa ni za mwenye nyumba. Wanunuzi wa chuma chakavu huzipima kwa kilo na fundi anajua hivyo, kwa hiyo piga simu uulize, au mwandike kwenye ile karatasi. Vioo ambavyo havijavunjika omba uviweke. Mlango wa juu kuna mtu ambaye bado ana nako za kipimo hicho hicho, na dirisha lake limezibwa kwa boksi.